Wazazi Likizoni: Kumbukumbu za Kundi la WhatsApp la Shule Moja ya Rongai

Mawasiliano ya shule na wazazi wakati wa likizo ni kazi isiyo kwenye ratiba ya mwalimu yeyote, na isipofanywa hasara yake huonekana wiki ya kwanza ya muhula. Watoto hufika Jumatano badala ya Jumatatu, sare imebana tangu Desemba na hakuna aliyeijaribisha, kazi ya likizo ingali imekunjwa begini ilimotiwa siku ya kufunga, na mzazi anaapa kwamba hakuambiwa. Kenya haina likizo ya kiangazi kama ya Ulaya na Marekani, ambako shule hufungwa katikati ya mwaka kwa muda mrefu. Mwaka wa masomo hapa huanza Januari na una mihula 3. Aprili na Agosti watoto hupumzika takriban wiki 3 kila mara, na likizo ndefu huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba hadi Mwaka Mpya upite. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokata mawasiliano, kwa sababu mtoto anaporudi Januari huwa amepanda darasa, mwalimu wake amebadilika, na mara nyingine nambari ya simu ya mzazi wake pia.

Maelezo haya yametokana na miaka ambayo mwandishi alisimamia kundi la wazazi la shule ya msingi ya kutwa nje kidogo ya mji wa Rongai, kaunti ya Nakuru. Rongai hii ni mji mdogo wa reli na mahindi, magharibi ya jiji la Nakuru. Si Ongata Rongai ya Kajiado, iliyo mlangoni mwa Nairobi. Kwa msimamizi wa kundi tofauti hiyo si ya mzaha. Kiungo cha kujiunga kikisambazwa na maneno "wazazi wa Rongai" pekee, huingia watu wa Kajiado wakiuliza basi la shule linapitia stendi gani, na mmoja wao aliwahi kukaa humo likizo nzima, akiitikia kila salamu, kabla ya kugundua kwamba mtoto wake hasomi hapo.

Wazazi wa kaunti ndogo ya Rongai hawalingani kwa kazi wala kwa saa. Kuna wenye ekari mbili tatu za mahindi, vibarua wa mashamba ya mkonge upande wa Majani Mingi na Athinai, wenye vibanda vya chakula Salgaa ambako madereva wa malori ya Malaba na Kampala hulala, wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Kabarak, na akina mama waliowaacha watoto kwa nyanya zao wakaenda kufanya kazi Saudi Arabia. Wote hao huwekwa kwenye kundi moja kwa sababu watoto wao wako darasa moja, na humo hawaitani kwa majina yao bali kwa ya watoto: Mama Chebet, Baba Kamau. Mwalimu huitwa Mwalimu tu, hata na aliyemzidi umri mara mbili.

Juu ya hayo kuna kalenda ya shamba. Katika sehemu hii ya Bonde la Ufa mahindi hupandwa mvua za masika zinapoanza, Machi kuelekea Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Maana yake ni kwamba likizo ya Aprili huangukia upanzi, na likizo ndefu huangukia kukata, kuvuna na kupukuchua. Mtoto yuko likizo, mzazi hayuko. Ujumbe unaotumwa saa tatu asubuhi humkuta shambani, simu ikiwa inachajiwa dukani au imezimwa ili moto wake usiishe, na jioni anapoiwasha ujumbe ule umeshafunikwa na salamu, picha za maua zenye baraka za asubuhi na video ya mhubiri. Saa iliyofaa Rongai ilikuwa saa mbili unusu usiku, baada ya taarifa ya habari ya saa moja na baada ya chakula. Aliyeko Riyadh hakuhitaji kupiga hesabu, kwani saa za Saudi Arabia ni sawa na za Kenya. Taabu yake ilikuwa nyingine: kazi humwachilia usiku wa manane, na majibu yake yalisomwa alfajiri na wanaoamka kukamua.

Makundi mengi ya aina hii yalizaliwa au kupata nguvu mwaka wa 2020. Tarehe 15 Machi mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ilirusha vipindi kwenye redio ya KBC na kwenye runinga, na walimu wakaanza kutuma kazi kwa WhatsApp. Wiki za kwanza kila mtu alikuwa na ari. Picha za kurasa za vitabu zilimiminwa kumi kwa mpigo. Kufikia Juni hakuna aliyekuwa akizifungua. Bando lilimalizwa na picha chache, maandishi hayakusomeka kwenye kioo kidogo, na mtoto alilazimika kumngoja baba arudi na simu, baba mwenyewe akarudi amechoka na simu imezima. Kilichodumu hadi Oktoba katika kundi la Rongai hayakuwa masomo. Kilikuwa ujumbe mfupi wa maandishi wa Jumatatu na Alhamisi, usiozidi mistari mitano, uliotaja vipindi vya redio vinavyokuja na saa zake, na kumalizia kwa swali moja la kujibiwa na mtu wa nyumbani. Mtindo huo uliendelea kutumika katika likizo za kawaida zilizofuata, na haukuhitaji kubadilishwa sana.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, si bando. Mzazi wa Kenya amezoea kwamba simu ya shule ina maana mbili tu: pesa au kesi. Elimu ya msingi ya umma ni ya bure tangu Januari 2003, lakini bado kuna pesa za chakula, za mitihani, za mlinzi, za mwalimu aliyeajiriwa na bodi, na kila moja huja kwa ujumbe wenye nambari ya paybill mwishoni. Ndiyo sababu wengi hulinyamazisha kundi moja kwa moja na kulichungulia tu mtoto anapougua. Likizo ni nafasi adimu ya shule kuzungumza na mzazi bila kumdai. Shule inayoitumia likizo kukumbusha salio la karo imeitupa nafasi hiyo, na inayonyamaza hadi wiki ya kufungua, kisha ikaibuka na orodha ya mahitaji, imeitupa vilevile.

Kudai deni si kosa, lakini ujumbe wa deni ni wa mdaiwa peke yake, kwa SMS au kwa simu ya mwalimu mkuu. Kuna shule jirani iliyobandika kundini orodha ya wenye salio, majina na viwango. Waliotajwa walitoka usiku huohuo mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa na risiti za M-Pesa wakabaki wakibishana na mhasibu hadi saa sita. Januari shule hiyo ililazimika kuanza kundi jipya, na wengi wa waliotoka hawakukubali kuingizwa tena.

Basi kitumwe nini? Katika Rongai, swali lilishinda kila aina nyingine ya ujumbe, mradi liwe swali ambalo jibu lake analo mzazi, si mwalimu. Mfano bora ulitokea wakati wa mavuno. Wazazi wa gredi ya 4 waliombwa wamwache mtoto ahesabu gorogoro zinazojaza gunia moja la mahindi, kisha watume idadi. Gorogoro ni kopo ambalo sokoni huchukuliwa kuwa kilo 2, na gunia la kawaida ni la kilo 90, kwa hivyo jibu la kitabuni ni 45. Majibu yaliyokuja hayakujali kitabu. Mmoja alileta 43. Mwingine 51. Mama mmoja alituma ujumbe wa sauti ambamo kopo linasikika likikwangua sakafu ya saruji huku mtoto akihesabu kwa pumzi fupi. Karibu na thelathini anapotea, na sauti ya nyanyake inamrudisha kwenye ishirini na tisa bila hasira. Baba mwenye 51 aliulizwa gunia lenyewe alilitoa wapi. Akajibu kwamba aliletewa na dalali alijaze.

Hapo kundi likawaka. Watu ambao hawakuwa wameandika neno tangu Agosti walieleza jinsi dalali anavyoshonea gunia shingo ya ziada, na jinsi kopo la anayenunua hupanuliwa huku la anayeuza likigongwa kitako hadi liingie ndani. Mmoja alipiga hesabu ya hasara kwa bei ya siku hiyo, akaonyesha mkulima wa magunia ishirini anapoteza mangapi bila kujua. Mwalimu alikuwa ameandika mistari miwili tu. Muhula ulipofunguliwa, somo la vipimo lilianza na makopo yaliyobebwa kutoka nyumbani, yakapangwa juu ya dawati, na hakuna mawili yaliyolingana.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataka mzazi ashiriki katika ujifunzaji wa mtoto. Kwa familia nyingi ushiriki huo umekuja kwa sura ya amri ya usiku: nenda saiba uchapishe picha ya rangi, nunua manila, tafuta gundi. Swali la gorogoro halikumgharimu mtu shilingi. Yapo mengine ya namna hiyo yaliyofanya vizuri: mvua imenyesha siku ngapi wiki hii kwenu, nyanya alicheza mchezo gani alipokuwa na miaka kumi, mti ulio langoni unaitwaje kwa lugha ya nyumbani. Hilo la mwisho liliteka wiki nzima, kwa kuwa kila boma lilikuwa na jina lake.

Yaliyoshindwa yalifanana pia. Ushauri wa malezi ulionakiliwa mtandaoni, wa "njia kumi za kumlea mtoto mwenye kujiamini", ulisomwa na wachache na haukujibiwa na yeyote, kwani haukuwa na cha kujibiwa. Vilevile agizo la "hakikisha mtoto anasoma kila siku". Mzazi aliyeacha shule darasa la saba hulisikia agizo hilo kama lawama. Aulizwe kuhusu mahindi naye ndiye profesa. Kuna pia mpaka wa sheria ambao msimamizi hana budi kuujua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na kundi la wazazi halifai kugeuzwa mlango wa nyuma wa tuisheni ya kulipiwa, hata kama wapo wazazi wanaoiomba kwa unyenyekevu mkubwa.

Suala la nani aandike kundini lina historia fupi. Tangu katikati ya 2018 WhatsApp humwezesha msimamizi kulifunga kundi ili yeye peke yake atume ujumbe. Walimu wakuu huipenda hali hiyo kwa kuwa haina kelele, na kwa matangazo ya tarehe inafaa. Lakini kundi lililofungwa likizo nzima haliwezi kumwambia msimamizi nani amehama, nani amefiwa, mtoto gani amepelekwa kwa shangazi Eldoret na harudi. Kuliacha wazi usiku na mchana nako ni balaa: huingia matangazo ya kuku wa kienyeji, mikopo ya simu na mipango ya kutajirika kwa wiki mbili. Lililofaa ni kulifungua kwa saa moja tu, saa mbili unusu hadi tatu unusu, siku zilezile mbili za wiki, msimamizi akiwepo. Watu walizoea. Wenye la kusema walilihifadhi hadi saa hiyo, na wenye kuku waliuza kwingine.

Msiba na ugonjwa ni jambo gumu zaidi, na hakuna kanuni inayolimaliza. Kundi lisilotoa pole mzazi mwenzao anapofiwa ni la watu wasiojuana. Likianza kukusanya pesa, nalo linarudi palepale pa simu inayodai, na michango ikifika ya tatu kwa mwezi watu huanza kutoka kimyakimya. Njia ya kati ilikuwa kutangaza msiba na tarehe ya mazishi kundini, na pesa zikusanywe na kamati ya wazazi katika kundi la muda linalovunjwa baada ya mazishi. Kamati hiyo ina msingi wa kisheria: Sheria hiyohiyo ya 2013 inataka kila shule ya umma iwe na chama cha wazazi, chenye wawakilishi wa kila darasa. Mwakilishi wa darasa akiwa msimamizi mwenza, mambo mengi ambayo mwalimu hawezi kuyasema bila kuonekana mkali husemwa na mzazi mwenzao, na yanapokelewa.

Lugha ya kundi la Rongai ilikuwa Kiswahili, na kwa sababu nzito. Darasa moja lina Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wakisii na Waturkana. Wawili wakiandikiana kwa lugha ya mama, hata kama wanaulizana habari za ng'ombe, wa tatu hujiuliza kinachofichwa ni nini. Katika kaunti iliyopitia moto wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, wakati ujumbe mfupi wa chuki ulipita simu hadi simu, swali hilo si dogo. Mwaka wa 2022 shule zilifungwa tarehe 2 Agosti, wiki moja kabla ya kura ya tarehe 9, na siku ya kufungua ikasogezwa zaidi ya mara moja matokeo yakingojewa. Majuma hayo kundi lilifungwa kabisa kwa kila mtu isipokuwa wasimamizi wawili, na mwakilishi wa darasa akatangaza mapema kwamba mabango, nyimbo na utabiri wa kura havina nafasi. Wachache walinuna, na siku ya kufungua bado walikuwa humo.

Picha za watoto ni eneo jingine ambalo mazoea na sheria vimepishana. Wazazi hupenda kuziona, na shule hupenda kuzitumia kujitangaza Facebook. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Rongai iliepuka kichwa kuuma kwa desturi nyepesi: ipigwe picha ya kazi, si ya uso. Mikono, kopo, gunia, mche uliotoa majani mawili. Mtoto hujitambua kwa kazi yake, na jirani hajui ni wa nani.

Thamani ya yote hayo ilionekana Aprili 2024. Muhula wa pili ulipaswa kuanza Jumatatu tarehe 29. Mvua ilikuwa kubwa nchini kote, na dakika za mwisho Waziri wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, akatangaza kwamba ufunguzi umesogezwa hadi tarehe 6 Mei, wanafunzi wengi wa mabweni wakiwa wameshasafiri. Alfajiri ya Jumatatu hiyohiyo maji yalifagia makazi huko Mai Mahiu, ndani ya kaunti ya Nakuru, na watu wengi wakafa. Tarehe 3 Mei Rais William Ruto akaahirisha ufunguzi bila kutaja siku, na mwishowe shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kwa mzazi wa kawaida hizo zilikuwa tarehe tatu kwa wiki mbili, mbali na zile za uvumi.

Rongai haikuhitaji kuelezwa maji yanaweza kufanya nini. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai, kaunti hiyohiyo, lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Kwa hivyo woga ulikuwa wa kweli, na woga ndio chakula cha uvumi. Wizara ya Elimu ina kawaida ya kugonga muhuri mwekundu juu ya barua bandia na kuzichapisha ili watu wazitambue, lakini muhuri huo huja barua ikiwa imeshazunguka. Kundi lilikuwa na utaratibu uliowekwa mapema: tarehe ni ya kweli ikiwa tu ujumbe unaanza na neno RASMI, na neno hilo huandikwa baada ya mwalimu mkuu kuthibitisha na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Yeyote aliyeleta karatasi nyingine hakukemewa. Alijibiwa, "Asante Baba Fulani, tunauliza," na baada ya muda jibu likaja. Wazazi walingoja kwa sababu walikuwa wamezoea kwamba saa mbili unusu mtu atasema kitu.

Kisha mwelekeo wa habari ukageuka. Mwalimu aliuliza ni njia zipi zinapitika. Ndani ya saa ile moja yalikuja majibu ambayo hakuna ofisi iliyokuwa nayo: kijito fulani kimepanda juu ya daraja la miti, njia ya kupitia shamba la mkonge ni tope hadi gotini, upande wa kanisa unapitika kwa wakubwa lakini si kwa mtoto wa gredi ya 2. Dereva mmoja aliyekwama Salgaa alitoa hali ya barabara kuu kila jioni. Siku shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu alikuwa na orodha ya watoto ambao hawangeweza kuvuka, na hakuna aliyeandikwa mtoro.

Wapo ambao kundi haliwafikii kamwe. Nyanya anayelea wajukuu wanne ana kabambe, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu. Kwake kundi la WhatsApp ni kitu cha wengine. Rongai ilitumia njia tatu kwa pamoja, na ya kwanza ndiyo iliyobeba mzigo: kila mwenye simu ya intaneti alipewa jirani mmoja asiye nayo, wakigawanywa kwa kufuata njia za miguu, si kwa orodha ya majina. Ya pili ilikuwa SMS moja kwa wiki yenye kiini cha yaliyosemwa. Ya tatu, karatasi iliyobandikwa kwenye mashine ya kusagia unga, mahali ambapo kila nyumba hufika, ikifuatwa na tangazo la Jumapili kanisani. Karatasi ya mashineni ilisomwa kuliko ya langoni mwa shule, jambo linaloeleweka, kwani likizoni hakuna anayepita langoni. Majibu ya maswali pia yalikusanywa huko. Mwenye mashine alikuwa akiyaandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa daftari la wadeni wake.

Kila Januari kazi huanza upya, maana darasa limepanda na mwalimu ni mwingine. Kundi likiwa la mwalimu huondoka naye. Likiwa la darasa, huhama na watoto, mwakilishi wa wazazi akabaki na mwalimu mpya akakaribishwa. Nambari ndizo huharibika kwanza. Laini isiyotumika kwa muda hupewa mteja mwingine, na habari za mtoto wa Rongai zimewahi kumfikia kijana wa Mombasa ambaye, kwa uungwana, alijibu kwamba anamwombea apone. Dawa yake haihitaji mtandao. Siku ya kufunga shule, mzazi anapokuja kuchukua ripoti, mwalimu apige nambari iliyo kwenye rejista papo hapo mbele yake. Isipolia mfukoni mwa mzazi huyo, iandikwe nyingine, pamoja na ya jirani. Walimu wakuu wanaojiandaa kufunga muhula wa tatu watenge asubuhi hiyo kwa kazi hiyo, kabla ya hotuba na kabla ya zawadi.